Walirudi siku ya kumi na mbili

Mara ya kwanza waliingia kwa mlango wa nyuma, mchana kweupe, mimi nikiwa kazini na binti yangu akiwa shuleni. Walichukua televisheni, kompyuta niliyokuwa nafanyia hesabu za wateja, na kikopo cha bati nilimohifadhi pete ya marehemu mama. Siku ya kumi na mbili walirudi. Safari hii walibeba televisheni mpya, ambayo hata plastiki ya kwenye kioo nilikuwa sijaibandua, pamoja na kompyuta ya kuazima. Hawakuhangaika kupekua. Droo hazikuguswa, kabati halikufunguliwa. Walijua kitu kiko wapi, wakaenda palepale, wakatoka.

Naandika haya kwa sababu mwezi huu watu watatu wameniuliza wafanye nini baada ya kuibiwa, na kila nikianza kuwajibu kwa simu naishia njiani. Jibu langu ni refu. Tena lina sehemu ambayo naona haya kuisimulia, lakini nikiiruka, mengine yote hayatakuwa na maana.

Askari aliyekuja mara ya pili alikuwa mama wa makamo. Hakuingia ndani moja kwa moja kama wale wa mara ya kwanza. Aliinama mlangoni, akapitisha kidole kwenye fremu iliyopasuka.

"Kitasa hiki ulikibadilisha?"

"Nilikibadilisha siku ileile, afande."

"Ukaweka cha aina ileile." Hilo halikuwa swali. Kisha akaniambia kwa upole kabisa: "Mama, nyumba ikishaibiwa mara moja, mwizi anaijua kama mgeni aliyewahi kulala humo. Anaujua mlango, anazijua saa zenu, na anajua kwamba utanunua nyingine."

Nilidhani ananifariji tu. Baadaye nikasoma, nikakuta ni jambo lililopimwa miaka mingi iliyopita. Huko Rochdale, kaskazini mwa Uingereza, kuna mtaa uitwao Kirkholt ambao katikati ya miaka ya 1980 ulikuwa umeelemewa na wizi wa majumbani. Watafiti walipopitia taarifa waligundua kwamba nyumba iliyokwisha kuvunjwa ilikuwa na uwezekano wa kuvunjwa tena takriban mara nne ya ule wa nyumba ambayo haijawahi kuguswa. Basi hawakutawanya nguvu zao mtaa mzima. Walikwenda kwa walioibiwa, na walikwenda haraka. Wakaimarisha milango yao. Wakaondoa mita za umeme na gesi zilizokuwa zikilishwa sarafu, maana kila mita ilikuwa sanduku la pesa taslimu linalomngoja mwizi ukutani. Wakawaomba majirani wa nyumba kama sita zinazoizunguka ile iliyovunjwa waitupie jicho. Ndani ya miaka michache wizi wa majumbani pale ulishuka kwa takriban robo tatu.

Nilipoyasoma hayo nilizifikiria zile siku zangu kumi na mbili. Siku ya tatu nilikuwa dukani nikichagua televisheni. Siku ya tano nilikuwa nalalamika kwenye kundi la simu la mtaa. Katika siku zote hizo hakuna hata moja niliyokaa mbele ya mlango wangu mwenyewe nikajiuliza uliwezaje kufunguka.

Fundi ndiye aliyenionyesha. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania kitasa, yeye akasema kitasa hakina kosa, kilikuwa bado kimefungwa vizuri wakati mlango uko wazi. Shida ilikuwa kwenye fremu. Kile kibati kinachopokea ulimi wa kitasa kilishikiliwa na skrubu mbili zisizozidi urefu wa kucha, zimezama kwenye mbao laini. Teke moja linatosha. Alitia kibati kirefu na kizito, na skrubu zilizopita kwenye mbao zikaenda kushika ukuta. Akaweka komeo juu na jingine chini. Halafu akaniuliza kama nimeona kwamba bawaba za mlango wa nyuma ziko upande wa nje. Nilikuwa sijaona. Pini zake zinachomolewa kwa bisibisi, na mlango unang'oka mzima pamoja na kitasa chake kipya. Kazi yote ilichukua muda wa asubuhi moja. Ukiibiwa leo, hiyo ndiyo asubuhi ya kwanza ya kutafuta, kabla hujanunua chochote cha kuziba pengo la kilichoibwa.

Kuhusu nondo za madirishani nina neno moja tu, nalo nalisema kwa msisitizo kwa sababu nimeona nyumba zilizogeuzwa vizimba: dirisha mojawapo la chumba cha kulala lazima liwe na nondo zinazofunguka kwa ndani, na ufunguo uning'inie mahali ambapo mtoto anapafikia na mkono wa mtu wa nje haupafikii. Moto haumsubiri mtu atafute funguo.

Sasa ile sehemu ngumu.

Siku ya wizi wa pili nilirudi nyumbani mapema. Niliposukuma mlango wa mbele nilisikia kishindo nyuma, nikakimbilia dirisha la jikoni, nikaona mtu anaruka ukuta. Shati la bluu. Mrefu, mwembamba. Begi jeusi. Sekunde mbili, labda tatu, akawa ameshatoweka. Jioni ile kundi la simu la mtaa liliwaka moto. Kila mtu alikuwa na hasira kwa niaba yangu, na sitadanganya, ilinipa faraja. Jirani mmoja akaweka picha kutoka kwenye kamera yake: kijana mwenye shati la bluu na begi jeusi, anapita kwenye kijia kilicho nyuma ya nyumba zetu. Niliitazama, na moyo wangu wote ukasema ndiye. Nikaandika: "Ni huyu."

Maneno mawili.

Kesho kutwa yake kijana yule alipita tena kwenye kijia kilekile, jioni, begi mgongoni. Wanaume wanne walimzuia. Nilipofika alikuwa ameshapigwa makofi, shati limechanika kuanzia begani, na mmoja wao alikuwa ameshika tofali. Kijana alikuwa anarudia jambo moja tu, kwamba anatoka kazini, anatoka kazini. Mimi nilisimama. Mdomo wangu haukufunguka. Mpaka leo sijui ningesimama vile kwa muda gani.

Aliyetoka ni bibi wa nyumba ya pembeni, mtu aliyepita miaka sabini, anatembelea mkongojo. Alikatiza katikati ya wanaume wale kama anayevuka barabara, akasimama mbele ya kijana, akawageukia. "Huyu ni mtoto wa mtu," alisema. "Kama ni mwizi, polisi wapo. Kama si mwizi, nani kati yenu atakwenda kumwambia mama yake?" Hakupaza sauti. Yule wa tofali aliliweka chini, taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

Polisi walikuja wakamchukua. Asubuhi yake wakamwachia. Kijana ni fundi wa majokofu. Saa nyumba yangu inavunjwa, yeye alikuwa karakana, jina lake limo kwenye daftari la mahudhurio, na wenzake sita walikuwa naye. Anapita kijia kile kwa sababu ni njia ya mkato ya kwenda kituo cha basi. Amekuwa akipita hapo tangu alipoanza kazi.

Nilikwenda kwao kuomba radhi. Mama yake alifungua mlango, akanisikiliza mpaka mwisho, hakunikaribisha ndani, na sikustahili kukaribishwa. Kijana alikuja akasimama nyuma yake. Alichoniambia ni hiki: "Shangazi, umekuwa ukiniona kila siku kwa miaka miwili."

Nimelifikiria jambo hili kuliko wizi wenyewe. Sikusema uongo. Nilikuwa na hakika, na hakika ile ilikuwa nzito kifuani kama kitu cha kweli. Lakini nikirudi nyuma polepole, hatua kwa hatua, nilichokiona dirishani kilikuwa mgongo. Uso niliupata kwenye picha. Akili iliuchukua uso ule ikaubandika kwenye mgongo, na kuanzia hapo nikawa nakumbuka mtu mzima.

Kisa cha Jennifer Thompson kimenisaidia kuelewa, ingawa chake kilikuwa kizito mara elfu. Mwaka 1984, huko Burlington, North Carolina, nchini Marekani, mtu aliingia nyumbani kwake akambaka. Alikuwa mwanafunzi wa chuo. Katika hofu ile alimkazia macho usoni kwa makusudi, ili akinusurika aweze kumtambua. Polisi walipomwonyesha picha alimchagua Ronald Cotton. Kwenye gwaride la utambulisho, ambapo watu kadhaa husimamishwa kwenye safu ili shahidi amwonyeshe mhalifu, akamchagua tena. Mahakamani alikuwa na hakika kabisa. Ilipokuja kesi ya marudio, mtu aitwaye Bobby Poole aliletwa mbele yake, naye akasema hajawahi kumwona. Mwaka 1995 vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba mhalifu alikuwa Poole. Cotton alikuwa ameshakaa gerezani zaidi ya miaka kumi. Walikuja kukutana, mama yule akaomba msamaha, Cotton akasamehe, na tangu hapo wamezunguka pamoja kudai namna bora ya kutambua watuhumiwa.

Kama mtu aliyemtazama mhalifu usoni kwa kukusudia aliweza kukosea, mimi niliyeona shati kwa sekunde tatu nilikuwa nasema nini?

Yapo mambo yanayosaidia, na si ya polisi peke yao. Anayesimamia gwaride asiwe anajua mtuhumiwa ni yupi, ili uso wake usimwongoze shahidi. Shahidi aambiwe mapema kwamba huenda mhusika hayupo kabisa kwenye safu. Kiwango cha uhakika wake kiandikwe palepale anapochagua, kabla hajapongezwa na mtu, maana uhakika hukua kwa kusifiwa. Na kwetu sisi tulio majumbani: ukiona tukio, chukua karatasi uandike ulichoona kabla hujafungua simu, kabla hujaongea na jirani. Andika ulichokiona tu. Kama uliona mgongo, andika mgongo.

Baada ya hapo niliomba kundi letu libadilike. Wengine walinuna, na mmoja alijitoa. Hatuweki tena picha ya uso wa mtu kwenye kundi. Picha zinakwenda polisi. Tunaandika kilichotokea, mahali na saa. Na anayeandika wa kwanza anasema kama ameshapiga simu ya dharura au hajapiga, kwa sababu tuligundua kwamba usiku fulani watu tisa waliandika "jamani mmesikia?" na hakuna hata mmoja aliyekuwa amepiga. Kila mmoja aliamini mwenzake ameshapiga.

Kazi yangu ni vitabu vya hesabu. Sijui kupigana, lakini kuandika kwenye safu najua. Nilifungua daftari, nikapita nyumba kwa nyumba na bibi wa pembeni, kwa sababu yeye watu humwambia mambo. Tuliuliza kila mtu: mwaka huu umepatwa na nini, wapi, saa ngapi? Simu iliyoporwa, mkoba uliokatwa, pikipiki iliyopotea, dirisha lililovunjwa. Wengi hawakuwahi kutoa taarifa polisi, wakisema itasaidia nini. Tulipomaliza nilitandaza kurasa mezani. Mimi niliyedhani mtaa mzima umeoza niliona kitu kingine kabisa. Barabara ya mbele, ambayo wazazi waliwakataza watoto kuchezea, ilikuwa karibu tupu. Visa vingi vilirundikana kwenye kipande kimoja cha kijia cha nyuma, kati ya ukuta wangu na jengo lisilokamilika, na karibu vyote vya usiku vilikuwa kati ya saa moja na saa tatu. Wizi wa majumbani ulikuwa wa asubuhi, siku za kazi, kwenye nyumba zinazopakana na kijia hichohicho.

Kwa muda wote ule tulikuwa tunatafuta sura, na kumbe tulichokuwa nacho mkononi ni mahali na saa.

Hili nalo si la mtaa wetu tu. Mwaka 1989 mtafiti Lawrence Sherman na wenzake walichapisha uchambuzi wa simu zilizopigwa polisi katika jiji la Minneapolis, Marekani. Asilimia takriban 3 tu ya anwani za jiji zima zilibeba nusu ya simu zote. Ukiujua ukweli huo, hata unachoomba polisi kinabadilika. Sisi tulikuwa tumezoea kudai "doria iongezwe", nami nililisema hilo kwa sauti kubwa kwenye mkutano. Lakini Kansas City, jiji jingine la Marekani, walilijaribu mwaka 1972 na 1973. Waligawa maeneo 15 katika mafungu matatu: mengine yaliondolewa doria ya kawaida ya magari kabisa na polisi wakawa wanakwenda wakiitwa tu, mengine yakaachwa kama yalivyo, mengine yakaongezewa magari mara mbili hadi tatu. Baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti ya maana katika uhalifu, wala katika hofu ya wakazi. Gari linalozunguka popote linapotokea linafika kila mahali mara chache mno.

Kilichoonekana kufaa ni askari kusimama mahali penyewe kwa muda mfupi. Uchunguzi uliofanywa na Christopher Koper kwa takwimu za Minneapolis ulionyesha kwamba askari akikaa sehemu yenye matatizo dakika 10 hadi 15, utulivu anaouacha nyuma yake hudumu zaidi kuliko akipita tu, na kukaa zaidi ya hapo hakuongezi mengi. Kwa hiyo tulikwenda kituoni mimi na bibi, na daftari letu. Hatukuomba askari wapya. Tuliomba dakika kumi na tano, kwenye kijia, mara mbili kati ya saa moja na saa tatu, kwa siku zisizotabirika. Mkuu wa kituo alilifungua daftari, akalisoma kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akauliza kama anaweza kulitoa nakala.

Pale pale nilimwomba jambo la pili, na sauti yangu ilitetemeka. Nilimwomba askari watakaokuja wasiwe wanawasimamisha vijana wote wanaopita na kuwapekua. Nilijua nani angekuwa wa kwanza kusimamishwa. Huko New York walilifanya hilo kwa kiwango kikubwa sana: mwaka 2011 pekee polisi waliandika visa zaidi ya 680,000 vya kuwasimamisha watu, wengi wao watu weusi na wa asili ya Amerika ya Kilatini, na karibu tisa kati ya kumi waliachiwa bila kukamatwa wala kuandikiwa kosa. Mwaka 2013 jaji wa shirikisho aliamua kwamba jinsi zoezi lile lilivyoendeshwa lilivunja katiba. Idadi ya waliosimamishwa ikaporomoka, na jiji halikutumbukia kwenye wimbi la uhalifu kama wengi walivyotabiri. Kijana anayepekuliwa kila jioni akitoka kazini hatakuja kukuambia alichokiona usiku. Na kwenye kijia kile, anayeona mengi kuliko sisi sote ni yeye anayepita kila siku.

Askari walikuja. Si kila siku tuliyoomba, lakini walikuja, na wengi wao walisalimia watu. Yule mama wa makamo alikuwa mmojawapo.

Mengine tuliyafanya wenyewe. Kijia kilikuwa na nguzo nne na taa moja inayowaka. Tuliandika barua, tukaenda, tukarudi, tukaenda tena, hadi taa nne zikawaka. Kuna wanaosema taa zinamsaidia mwizi aone vizuri, nami nilikuwa nusu naamini. Kisha nikasoma kuhusu jaribio la New York la mwaka 2016, ambapo minara ya taa iliwekwa kwenye makazi ya umma yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, na uhalifu mkubwa wa nje wakati wa usiku ukapungua kwa zaidi ya theluthi moja. Bahati nasibu ndiyo iliyonishawishi, kwa sababu inaondoa kisingizio kwamba walichagua maeneo mazuri.

Jengo lisilokamilika lilitusumbua zaidi. Mwenyewe hakupatikana kwa urahisi. Tulichoweza kufanya ni kufyeka majani yaliyofika kiunoni, kuondoa takataka, na kuweka uzio mfupi wa mbao ambao mtu anaona juu yake. Ni kazi ya kuchosha na mtu anaweza kuiona ya kupamba tu. Lakini Philadelphia walisafisha na kupanda nyasi kwenye baadhi ya viwanja 541 vilivyotelekezwa, wakalinganisha na vile ambavyo havikuguswa, na katika maeneo ya watu maskini matukio ya bunduki yalipungua kwa asilimia 29 karibu na viwanja vilivyotunzwa. Sisi hatuna takwimu za kiwango hicho. Nina daftari tu, na kurasa za kijia cha nyuma zimekuwa zikijaa polepole zaidi mwaka huu. Wizi haujaisha. Mwezi uliopita mtu ameporwa simu pale pale.

Kwa aliyeporwa, haya ndiyo niliyomwambia. Kumwachia mporaji simu ni uamuzi sahihi, usijilaumu, simu inanunuliwa. Zuia laini yako kwa mtandao wako mara moja, kwa simu ya mtu yeyote, kisha badilisha nywila ya barua pepe kabla ya zote, kwa sababu barua pepe ndiyo inayofungua nyingine. Toa taarifa polisi hata kama huna matumaini, maana mahali na saa yako vinahitajika kwenye hesabu. Na wewe unayesoma hapa na simu yako bado unayo: bonyeza *#06# sasa hivi, nakili ile nambari ya tarakimu 15 kwenye karatasi, uiweke nyumbani. Inaitambulisha simu yako hata ikibadilishwa laini.

Bibi wa pembeni huwa nampitia jioni. Nilimuuliza siku moja kama hakuogopa lile tofali. Akasema aliogopa sana, magoti yalikuwa yanagongana, ndiyo maana aliegemea mkongojo kwa mikono miwili. Nilikuwa nimeamini siku zote kwamba mjini mtu akishambuliwa watu hupita tu. Watafiti walitazama video 219 za kamera za barabarani zenye ugomvi wa hadharani, kutoka Amsterdam, Lancaster na Cape Town, na katika visa tisa kati ya kumi alikuwepo angalau mpita njia mmoja aliyeingilia kati: kuvuta mtu nyuma, kusimama katikati, kutuliza kwa mkono. Kadiri waliokuwepo walivyokuwa wengi, ndivyo ilivyokuwa rahisi zaidi kupatikana wa kusaidia. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2019. Nilimsomea bibi. Alisikiliza, akasema, "Basi siku ile wewe ulikuwa umesimama tu," na hakuwa ananilaumu, alikuwa anakumbuka. Nilimjibu ndiyo.

Kijana wa majokofu bado anapita. Binti yangu humwamkia, naye humwitikia. Mimi huniitikia pia, kwa heshima, bila kusimama. Wiki mbili zilizopita, saa moja na nusu usiku, geti liligongwa. Nilichungulia, nikamwona yeye. Alikuwa amerudi nyuma hatua nne tano kutoka getini, amesimama mahali ambapo mwanga wa taa yetu unamfikia mwili mzima.

"Shikamoo shangazi. Taa ya tatu imezima," alisema. "Ile ya karibu na jengo."

Begi alikuwa ameliweka chini miguuni. Mikono yake yote miwili alikuwa ameiweka mbele, mahali ninapoiona.